Bomba Pekee la Nyabusore

Kijiji cha Ujamaa Nyabusore,
Bunda.
9 Machi 1975

Mpwa wangu Marieta,

Pokea salamu zangu, ni nyingi, hutazimaliza peke yako. Nusu chukua wewe, nusu wape wauguzi wenzako wa wodi ile, na kama kuna zitakazobaki mpe yule mpishi aliyekuwa ananipunja nyama. Sisi huku tuko salama. Mama yako, dada yangu Wankyo, hajambo, ila anasema huu unga wa njano wa msaada unamletea ndoto za Kizungu. Mvua imekuja nusu. Pamba ya kijiji imestawi sana kando ya barabara, pale wageni wanapopitaga. Kule ndani usiulize. Ng'ombe wako yule mwekundu kazaa dume.

Sasa safari. Nilipanda treni toka huko Dar mpaka Mwanza nimeketi kama bwana shauri. Kila aliyeniuliza mbona umenyolewa upande mmoja, nilimwambia ndio mtindo wa Nairobi. Na nani angebisha? Mimi nimefika Nairobi, nimefika Kampala, Kisumu nimefika mara kumi na nne nikiwa utingo juu ya lori la Mhindi. Mtu wa namna hiyo akinyoa upande mmoja, wengine wanatakiwa waige.

Unajua kwamba tangu tuhamishiwe hapa mwaka jana tuliahidiwa maji ya bomba. Mtaro tumeuchimba wenyewe kwa kujitegemea, maili moja na nusu, toka chemchemi mpaka ofisi ya kijiji. Uko tayari tangu Oktoba. Mabomba hayajafika. Waliotumbukia humo mpaka sasa ni mbuzi sita, na Bwana Shamba pamoja na baiskeli yake.

Basi Mwenyekiti wetu Jilala alikuja na kamati nzima kunipa pole. Nikawaeleza kitaalamu, kama ulivyonielezaga wewe: kwamba baada ya ile ajali maji ya kichwani yalikosa pa kutokea, yakajaa, yakaubana ubongo, ndiyo maana nilitembea kama bata na kusahau jina la mama yangu. Kwamba daktari ametoboa fuvu, akaingiza mpira mwembamba, ukapita chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, mpaka tumboni, na maji yanateremka humo bila kelele. Na kwamba nyuma ya sikio kuna kidude kama punje ya hindi bichi: ukikibonyeza kinadidimia, ukikiachia kinafura tena. Hiyo ndiyo pampu.

Jilala akakigusa kwa kidole chake. Halafu akasema, "Yaani, Enoka, katika kijiji hiki chote, bomba linalotoa maji ni lako peke yako?"

Nikamjibu, "Ndugu Mwenyekiti, na mtaro wake sikumsumbua mtu kuuchimba."

Toka siku hiyo jina langu ni Bomba, na nimeingizwa kwenye Kamati ya Maji kama mtaalamu. Darasa langu la nne la mkoloni limefika mbali.

Maagizo nayafuata. Mara ishirini asubuhi, basi. Mwambie daktari asiwe na wasiwasi na mtu kama mimi, mtu aliyesaini fomu ya kupasuliwa kwa mkono wake mwenyewe, herufi za kuunga, mpaka sista akashangaa.

Mjomba wako,
Enoka Nyamhanga


Dar es Salaam,
30 Machi 1975

Mjomba,

Shikamoo. Salamu nimezigawa kama ulivyoagiza. Mpishi amezikataa zake, anasema ulikuwa unakula nyama ya vitanda viwili. Mimi ni mzima, nasoma kwa ajili ya mitihani ya mwaka wa pili, na joto la huku limenifundisha kulala chini sakafuni. Mwambie mama kitambaa cha kanga nimekipata, nitamtuma mtu. Dume la ng'ombe msiliuze.

Nafurahi umefika salama na umepata cheo. Ila naomba unisikilize kidogo kama vile mimi si mtoto uliyembeba mgongoni.

Ishirini ni ishirini. Daktari ameweka hiyo namba kwa sababu anataka njia isizibe, basi. Na kidude hicho si cha kuguswa na kamati. Zaidi ya hapo, kichwa kikikuuma, ukitapika, ukipata homa, mkono au mguu ukilegea, usinitungie kichekesho. Panda gari uende Musoma hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuniandikia.

Jambo la pili. Kwenye faili lako, mahali pa sababu ya ajali, kuna sababu tatu kwa miandiko mitatu. Daktari ulimwambia boriti ya nyumba ilikuangukia siku ya kuhama. Sista ulimwambia ulipigwa teke na nyati. Mtu wa eksirei ulimwambia ulianguka ukimwokoa mtoto wa Bwana Mkubwa, na hukusema Bwana Mkubwa yupi. Daktari anacheka, lakini anataka moja. Nilimwuliza mama. Amejibu maneno mawili tu: mwulize mwenyewe.

Basi nakuuliza.

Mpwa wako,
Marieta


Nyabusore,
27 Aprili 1975

Mpwa wangu Marieta,

Marahaba, na Mungu akuongezee akili, ingawa unayo ya kutosha na nyingine umeirithi kwangu. Mama yako anashukuru kwa kanga kabla hajaiona. Juzi kaleta samaki wale wa ningu watatu toka ziwani, mmoja mkubwa hivi, na nilikula kichwa ili kusaidia kichwa. Dume linanyonya vizuri, tumelipa jina la Mtaalamu.

Barua yako imenikuta kikaoni, maana siku hizi nakuwaga vikaoni tu. Nikuambie yaliyotokea, utajivuna.

Mwezi huu lilikuja agizo: kila mwananchi avuke lengo katika sehemu yake. Aliyepangiwa eka mbili za pamba alime tatu. Aliyepangiwa matofali mia afyatue mia mbili. Jilala akasoma majina na malengo, mtu baada ya mtu, mpaka akafika kwangu, akakwama. Kulima siwezi, daktari kanikataza jua. Matofali siwezi kuinama. Watu wote wananitazama. Unajua inavyokuwaga, mwanamume mzima hana lengo.

Nikasimama. Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, mimi nimepangiwa ishirini kila siku na daktari wa Serikali. Niandike: Bomba atavuka lengo."

Makofi hayo! Ishirini ikawa arobaini. Arobaini ikawa mia. Na sasa hivi ninavyoandika nimefika mia mbili kwa siku, Mwalimu Rafaeli wa hapa shuleni anahesabu na kuandika ubaoni pale ofisini, chini ya namba ya pamba. Pamba imeshindwa lengo. Mimi nimelivuka mara kumi. Na fikiri mwenyewe kwa elimu yako: kama ishirini imemtoa mtu kwenye kutembea kama bata, mia mbili si atakimbia kama swala?

Kuna wageni watakuja siku ya Saba Saba, watu wa kijiji cha Butiama, kuja kujifunza kwetu. Fikiri! Butiama waje kujifunza Nyabusore! Kamati imekaa mara tatu kutafuta cha kuwaonyesha. Mtaro ni namba tatu kwenye ratiba. Mimi ni namba nne.

Kuna kitu kingine kidogo, nakiandika kwa sababu karatasi imebaki. Asubuhi nikisimama kichwa kinagonga kama ile mitambo ya kusaga mawe kule mgodini Kiabakari. Nikilala tu, kimya. Kwa hiyo vikao naviendesha nikiwa nimelala kwenye mkeka. Wamezoea. Mzee mmoja alisema hata watemi wa zamani hawakufikia kiburi hicho.

Kuhusu faili, andika boriti. Au mwache nyati, nyati anapendeza.

Mjomba wako mvuka lengo,
Enoka


Dar es Salaam,
25 Mei 1975

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata jana jioni. Bahasha ina alama ya maji ya mvua na ya gurudumu. Mimi sijambo. Msalimie mama. Salamu za leo zinaishia hapo, utanisamehe.

Daktari nilimsomea barua yako mwenyewe. Kwenye ningu alicheka. Kwenye mia mbili alivua miwani.

Mjomba, acha kubonyeza. Sikuambii upunguze. Acha, hata hizo ishirini.

Maji ya kichwani si adui wa kumalizwa. Ubongo unaelea ndani yake kama kiini ndani ya yai. Wewe umeyakamua mwezi mzima mpaka ubongo umesinyaa na kuachana na fuvu. Ndiyo sababu ukisimama kinagonga na ukilala kinatulia. Na kati ya ubongo na fuvu kuna vimishipa vyembamba. Vikivutwa sana vinakatika, damu inavuja polepole na kujikusanya. Haimwangushi mtu siku hiyo hiyo. Inakaa wiki, inakaa miezi, halafu mtu anaanza kuangusha vikombe na watu wanamwambia ni uzee.

Kwa hiyo: lala, kunywa maji kwa wingi, na gari la kwanza linalokwenda Musoma, ulipande, ulale humo. Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo nimeandika kwa Kiingereza. Mpe daktari wa huko, usimhutubie. Huku Dar usije, treni itakuchelewesha na hili si la kuchelewesha.

Usingoje Saba Saba.

Marieta


Nyabusore,
15 Juni 1975

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, ng'ombe hawajambo, mtaro haujambo. Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili na Rafaeli kaisoma mara moja kwa sauti, ile sehemu ya yai imependwa sana.

Nimekusikia. Nimepunguza mpaka mia.

Sasa wewe usinitishe na damu. Baba zetu wa upande wa Wakurya walikuwaga na waganga wa kufungua fuvu kwa kisu, mtu amekaa kwenye kigoda na anapiga soga, jioni anakunywa uji. Mimi nimepasuliwa na daktari mwenye gauni la kijani, niogope nini?

Kuanguka vikombe, kimeanguka kimoja. Hicho kilikuwa na mpini mbovu. Tatizo la nyumba hii ni mama yako, siku hizi ananionea. Ananipakulia ugali bila mboga, nikilalamika anaizungusha sahani na mboga inatokea. Mwanamke mzima anacheza kiinimacho na mchicha. Juzi nimejigonga kwenye mlango, ni fundi kauweka kushoto mno.

Musoma nitakwenda. Lakini si kabla ya Saba Saba, nimekwishaandikwa kwenye ratiba na ratiba imekwishapigwa chapa. Nikiondoka mimi, namba nne watawaonyesha nini watu wa Butiama? Watabaki na mtaro mtupu. Wewe hujui aibu ya kijiji.

Mjomba,
Enoka

*(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:)*

Dada Marieta, mimi ni Mwalimu Rafaeli, naandika anayosema mama yako naye amesimama hapa mlangoni analinda asije. Anasema hivi: Mwanangu, mimi mboga naweka palepale ninapowekaga siku zote. Anakula nusu ya sahani ya kulia. Ya kushoto hajui kama ipo. Amevaa kiatu kimoja tangu Jumanne na anasema amevaa viwili. Anachekesha watu kuliko zamani na mimi nacheka, halafu nakwenda jikoni. Fanya jambo.


Dar es Salaam,
2 Julai 1975
*Kwa mkono wa Dafroza*

Mjomba,

Shikamoo. Anayekupa barua hii ni Dafroza, muuguzi mwenzangu, anakwenda likizo kwao Musoma. Nimemwomba apitie Bunda akuchukue. Ni mpole lakini alimbebaga baba yake kutoka shambani, kwa hiyo usimjaribu.

Umelalamika kwamba fundi kauweka mlango kushoto. Tazama barua uliyoniandikia. Umeandika nusu ya kulia ya karatasi tu, kutoka juu mpaka chini. Nusu ya kushoto ni nyeupe. Nilidhani unabana karatasi. Nikasoma nyuma yake.

Nakuambia jambo ambalo sijakuambia. Ile fomu ya kupasuliwa hukuisaini wewe. Siku ile ulikuwa unaniita Boke, jina la mkeo, unamwuliza daktari kama lori limeshajaa. Walitaka mkono wa ndugu wa karibu. Mama alikuwa huko Nyabusore, barua ingechukua mwezi. Nilisaini mimi, nikaandika jina lako, nina miaka ishirini na mbili, mwanafunzi. Ulipozinduka ukaanza kujisifu kwa herufi za kuunga, nikakuacha.

Kwa hiyo huo mpira uko kichwani mwako kwa mkono wangu. Ukikuua kwa sababu ya ratiba ya Saba Saba, mimi ndiye niliyesaini. Sasa panda gari.

Barua nyingine, yenye bahasha ya kaki, ni ya Mwenyekiti Jilala. Usiifungue.

Marieta

*(Ile ya bahasha ya kaki:)*

Kwa Mwenyekiti,
Kijiji cha Ujamaa Nyabusore.

YAH: KUAZIMWA KWA MTAALAMU WA PAMPU, NDUGU ENOKA NYAMHANGA

Ndugu,
Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kijiji chako kinaombwa kumwazima mtaalamu aliyetajwa aende hospitali, Musoma, pamoja na pampu yake, ikakaguliwe na wataalamu wenzake. Shughuli hii ni ya haraka kuliko nyingine yoyote kijijini. Asafirishwe akiwa amelala. Asibonyeze. Kijiji kitakachomchelewesha hata siku moja kitakuwa kimerudisha nyuma maendeleo.

Mleta barua hii ataongozana naye. Tafadhali sana.

Uhuru na Kazi.
M., kwa niaba ya wanaohusika.


Wodi ya Wanaume,
Musoma.
27 Julai 1975

Mpwa wangu Marieta,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nakulipa na zile za barua zilizopita ambazo nilizipokea vibaya.

Tazama karatasi kwanza. Upande wa kushoto umeuona? Umejaa. Dafroza ameukagua kwa rula.

Nikueleze kwa mpangilio, maana Jilala atakuwa amekuandikia na yeye huwaga anajipendelea.

Saba Saba ilifika. Watu wa Butiama wakaja na lori, wamevaa mashati meupe. Namba moja wimbo, namba mbili risala, namba tatu mtaro. Wageni wamejipanga kandokando wanautazama. Namba nne. Nikainuka kutoka kwenye mkeka, nikasema, "Ndugu wageni, bomba la kwanza la kijiji hiki," nikapeleka mkono nyuma ya sikio, na kushoto kwangu dunia ikawa haipo. Nikatumbukia mtaroni kichwa mbele. Wa nane, ukihesabu mbuzi na Bwana Shamba.

Jilala, mtu ambaye hapotezagi nafasi, akawaambia wageni, "Mnaona wenyewe kina chake."

Walinitoa. Mkono wa kushoto ukawa kama si wangu, nikiuambia njoo hauji. Siku mbili nimelala, mama yako ananilisha, na kila nikifungua mdomo watu wanaanza kucheka kabla sijasema. Hapo niliogopa, Marieta. Hutamwambia mtu. Niliogopa kwa sababu kwa mara ya kwanza sikuwa na la kuchekesha na wao wanacheka.

Tarehe tisa akafika Dafroza wako. Jilala akaifungua ile ya kaki, akaitisha mkutano, akaisoma amesimama wima kabisa, mpaka "Uhuru na Kazi" watu wakaitikia. Kijiji kikapiga kura kuniazima kwa kauli moja. Mzee mmoja akauliza kama nitarudishwa. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba nirudishwe katika hali niliyoazimwa au bora zaidi.

Mimi nilikuwa nasikiliza nimelala pale. Mpwa wangu, ofisi gani ya Serikali inamalizia kwa "tafadhali sana"? Nilijua ni wewe kabla hajafika katikati. Nikanyamaza. Kuomba kupelekwa hospitali kama mgonjwa ningeshindwa. Kuazimwa niliweza.

Nikapandishwa lori la pamba linalokwenda Musoma. Nililala chali juu ya magunia, Dafroza kanishika kichwa kwa mikono miwili kama yai lako. Tulipopita Kiabakari niliitambua kwa harufu. Kila lori likiingia kona nilisikia mtu anasema usisimame, usisimame, nikadhani ni Dafroza. Alikuwa ni mimi.

Daktari wa hapa kasoma karatasi yako ndogo, sikumhutubia. Kesho yake asubuhi kanitoboa matundu mawili upande wa kulia, madogo kama ya msumari mkubwa, akaniacha macho, sindano ya ganzi tu. Ikatoka damu ya zamani. Nimeiona kwenye bakuli. Wewe unajua mimi nimebadilisha oili za malori miaka kumi. Ilikuwa hiyo hiyo, oili chafu ya injini iliyosahauliwa. Na jinsi ilivyokuwa inatoka, mkono ukaanza kuja. Kidole kimoja, cha pili. Nilimwambia daktari, gari limewaka. Hakuelewa, ni mtu wa Ulaya, lakini alicheka baada yangu, si kabla.

Ule mpira wa kwanza ameuacha, anasema hauna kosa lolote. Mwenye kosa anajulikana.

Sasa mambo mawili ya mwisho, halafu nilale.

La saini. Nilijua. Ulipoondoka wodini siku moja nilimwomba sista anionyeshe faili nizione picha za kichwa changu, nikaiona fomu. Mimi naandikaga Enoka kwa K yenye mkia mrefu wa kizamani. Ile ilikuwa K ya shule ya kati, imetetemeka. Ndiyo nikaanza kujisifu kwa kila mtu kwamba nimesaini mwenyewe. Nilitaka ujue kwamba kama kuna ubaya wowote mzigo si wako. Naona tulikuwa tunafichana kitu kimoja, kila mtu upande wake.

La ajali. Boriti hapana. Nyati hapana.

Siku ya kuhama nilikaa juu ya mzigo, juu ya miti ya paa langu na mlango wangu. Nilikuwa nachekesha lori zima tangu tulipoanza kupakia, mama yako machozi yanamtoka kwa kucheka, ilikuwa lazima mtu afanye hivyo. Mgambo alisema kaeni chini. Mimi ndiye utingo, mimi ndiye niliyewakalisha wengine. Sheria ya kwanza ya utingo juu ya mzigo: usisimame. Tukafika ile kona ya chini ya kilima, ambapo boma letu la zamani linaonekana kwa mara ya mwisho. Nyumba zimeezuliwa. Kaburi la Boke pembeni ya ghala linaonekana wazi kabisa, kuliko nilivyowahi kuliona. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile, kwa haraka ya kupakia, mke wangu sikumuaga.

Nikasimama. Nikainua mkono. Tawi la mkuyu likanipiga nyuma ya kichwa.

Watu wote wakacheka. Walidhani ni mchezo mwingine wa Enoka. Mama yako peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa amegeuka kutazama hapo hapo nilipokuwa natazama mimi.

Basi. Mtu aliyefika Kisumu mara kumi na nne akiwa amekaa, akaumia maili tatu kutoka kwake kwa kusimama. Ungetaka niseme hivyo kwa mtu wa eksirei?

Daktari amenipa maagizo mapya ya pampu. Nisiiguse. Nimepangiwa lengo la sifuri. Mwambie yule wa kwako wa Dar kwamba mpaka leo saa nne asubuhi nimelifikia, sijalivuka, na kwamba hakuna kazi ngumu kama hii niliyowahi kupewa. Kidole kinawasha.

Mjomba wako aliyeazimwa,
Enoka Nyamhanga


Dar es Salaam,
18 Agosti 1975

Mjomba,

Shikamoo. Huku tuko salama, mitihani nimefaulu, Dafroza amerudi na amekataa kusema ulichomwambia kuhusu ndoa. Mama ameniandikia kwa mkono wa Rafaeli kwamba umerudishwa Nyabusore na kijiji kimekusainia kama mzigo uliopokelewa, hali nzuri, kasoro nywele. Anasema pia mabomba yamefika, lakini ni mafupi kuliko mtaro, kwa hiyo wewe bado unaongoza. Na kwamba unakula sahani nzima, na unadai nyingine.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu mama alipanda kule kilimani peke yake. Amepalilia kaburi la Boke na kuweka mawe pembeni. Anasema hakukuambia kwa sababu ungetaka kwenda kwa miguu. Anasema pia amemuaga kwa niaba yako, kwa hiyo haraka ile imekwisha.

Ripoti ya lengo niletee kila mwisho wa mwezi. Namba inayotakiwa unaijua.

Faili lako nilimpelekea daktari jana pamoja na barua yako. Mimi sina ruhusa ya kuandika humo. Alisoma, akazikata zile sababu tatu kwa wino mwekundu, nyati akamwacha mwisho kama vile anamwonea huruma. Akaniuliza tuandikeje, kifupi, kuna mstari mmoja tu.

Nilimtajia, naye akaandika kama nilivyosema: *Alisimama kuaga.*

Mpwa wako,
Marieta